Homa Ikishaondoka

Katika miji na vijiji vya ukingo wa kusini wa Ziwa Viktoria, tangu Mwanza na miamba yake hadi Sengerema, Magu na visiwa vya Ukerewe, ipo kanuni moja ya uganga ambayo haikuandikwa katika kitabu chochote, lakini hufuatwa na mwenye elimu na asiye nayo: kwamba mtu huugua siku homa inapopanda, na hupona siku homa inaposhuka. Homa ikiingia, mgonjwa hutandikiwa, hupikiwa uji, na majirani huja asubuhi kumjulia hali. Ikitoka, hupewa pole ya mwisho na kuambiwa amshukuru Mungu, na yeye mwenyewe huona haya kuendelea kulala ilhali nyavu zinamngoja na watoto wanataka kula. Kanuni hii ina hekima yake, kwa maana katika nchi ambayo malaria haijakauka, aghalabu imesema kweli. Illa yapo maradhi ambayo huanza pale hasa homa ilipokwisha, na mtu mzima aliyeyashinda ya kwanza kwa nguvu za mwili wake akaangushwa na ya pili, ambayo hakuna mbu aliyeyaleta siku hiyo wala jirani aliyemwambukiza, bali yamezuka ndani yake kwa kazi ya kinga yake mwenyewe.

Wataalamu wa leo huyaita mambo haya sindromu za mchochota zinazofuata ugonjwa wa virusi. Mchochota ni ile hali ya joto, wekundu, uvimbe na maumivu ambayo mwili huizusha pale unapovamiwa, ili damu ije kwa wingi mahali palipoingiliwa na chembe nyeupe zipate njia ya kumfikia adui. Bila mchochota hapana kidonda ambacho kingefunga wala mafua ambayo yangekwisha. Walakini jambo lililokusudiwa kuwa la siku chache likiendelea kwa majuma na miezi, au likizuka upya kwa ghadhabu baada ya kirusi kuondoka, hugeuka likawa lenyewe ndilo maradhi. Na mgonjwa anayepimwa ili atafutwe yule kirusi wa kwanza huambiwa hana kitu, akarudi nyumbani na cheti kizuri na mwili mbaya.

Ukanda huu wa ziwa una haki ya kusema juu ya jambo hili kuliko sehemu nyingi za dunia. Huko Entebbe, ng'ambo ya kaskazini, Wakfu wa Rockefeller ulianzisha mwaka 1936 taasisi ya kuchunguza homa ya manjano, ambayo mwaka 1950 ilikuja kuwa Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Afrika Mashariki. Na katika kuitafuta homa ya manjano, watafiti wake walikuta virusi ambavyo hawakuvitafuta: kirusi cha West Nile mwaka 1937, cha msitu wa Semliki mwaka 1942, na mwaka 1947 cha msitu wa Zika, ambao uko karibu kabisa na maji ya ziwa. Kirusi hiki cha mwisho kilidharauliwa kwa zaidi ya miaka sitini, maana homa yake ni ndogo na hupita upesi, hata mwaka 2013 kilipofika visiwa vya Polinesia ya Kifaransa, na watu wazima waliokwisha kupona homa hiyo wakaanza kufa ganzi na kupooza miguu. Halikuwa kosa la kirusi peke yake. Ni kinga ya miili yao iliyokuwa ikiishambulia mishipa ya fahamu, katika ugonjwa unaoitwa Guillain-Barré. Basi neno "homa ndogo" nimelichukia tangu hapo, kwa kuwa linaipima homa kwa siku zake na kuyasahau yatakayofuata.

Lakini habari iliyo yetu hasa ni ya mwaka 1959. Mwaka huo, kaskazini mwa Uganda, katika nchi ya Waacholi upande wa Gulu, ilizuka homa ambayo haikuwa malaria ingawa ilikuja kwa njia ya malaria. Mtu aliyelala mzima aliamka hawezi kukunja magoti. Vifundo vya miguu, viwiko na vidole vilimuuma hata akashindwa kushika kikombe. Ngozi ilitoka vipele vinavyowasha, na tezi za shingo zikavimba. Waacholi waliipa jina la o'nyong-nyong kwa jinsi ilivyovidhoofisha viungo, na A. J. Haddow na wenzake wa Entebbe walilichukua jina hilo kama lilivyo wakalitia katika vitabu vya tiba. Homa hiyo ilishuka kusini, ikauzunguka ukingo wa ziwa, ikaingia Nyanza ya Kenya na upande wa ziwa wa Tanganyika, ikaendelea hata nchi za mbali zaidi, na ilipotulia mwaka 1962 watu wanaokadiriwa kuwa milioni 2 walikuwa wameugua. Wachukuzi wake walikuwa Anopheles funestus na Anopheles gambiae, mbu wale wale wa malaria, jambo ambalo liliwashangaza wataalamu, kwa maana virusi vya ukoo wa kirusi cha homa hiyo hupendelea mbu wa jamii nyingine. Na kwa watu wa ziwa maana yake ilikuwa kwamba hapana nyumba iliyokuwa mbali na hatari, kwani funestus huzaliana katika mabwawa yenye majani yasiyokauka, na gambiae katika kila kidimbwi kinachopigwa na jua baada ya mvua.

Waliokufa karibu hawakuwapo. Hiyo ndiyo sababu, kwa dhana yangu, maradhi haya yaliyopita katika nyumba nyingi kuliko vita vyovyote hayakuacha alama katika historia tunayofundisha watoto. Historia hupenda makaburi, na o'nyong-nyong haikuchimba makaburi. Fauka ya hayo ilipita katika miaka ambayo macho yote yalikuwa yametazama mbele: Tanganyika ilikuwa inaujongea uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961, na Usukuma ulikuwa na fahari yake ya pamba, iliyokusanywa na kuuzwa na Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililoundwa mwaka 1955 chini ya uongozi wa Paul Bomani. Nani angeandika juu ya magoti? Hata hivyo mtu afikiri pamba huchumwa kwa nini. Huchumwa kwa vidole, tumba moja baada ya jingine, mgongo umeinama, kuanzia umande unapokauka hadi jua kuzama. Na nyavu huvutwa kwa mabega na viganja, kasia hupigwa kwa viwiko, na maji hupandishwa kutoka ufukweni kwa shingo na magoti ya wanawake. Maumivu ya viungo yaliyobaki baada ya o'nyong-nyong yalidumu kwa wengi majuma kadhaa, kwa wengine miezi. Katika hesabu za serikali mtu huyo alikuwa amepona, maana hakuwa na homa wala hakuwa maiti. Katika hesabu za nyumba yake alikuwa nusu mtu mpaka msimu ukapita.

Kisha ugonjwa ulipotea. Miaka thelathini na mitano hivi ulikaa kimya, hata madaktari vijana wakawa hawaujui kwa jina, na mwaka 1996 ukarudi katika wilaya ya Rakai, ukaenea Masaka na Mbarara, na ukavuka mpaka hadi Bukoba. Wazee waliokuwa vijana wakati wa mlipuko wa kwanza ndio waliokuwa na sababu ya kuutambua mapema kuliko darubini.

Ndugu wa o'nyong-nyong, chikungunya, alitambuliwa kusini mwa nchi yetu hii, katika uwanda wa Wamakonde huko Newala, mwaka 1952 na 1953, naye ndiye aliyeufundisha ulimwengu kwamba viungo vinaweza kuwa na kumbukumbu ndefu kuliko damu. Alipofika Lamu mwaka 2004 aliwapata wakazi watatu katika kila wanne. Akavuka Mombasa na Komoro, na kufikia mwaka 2006 alikuwa ameangusha takriban theluthi ya watu wa kisiwa cha Réunion. Kisiwa hicho ni cha Ufaransa na kina hospitali za Ufaransa, na kwa hiyo huko wagonjwa waliendelea kuitwa na kupimwa baada ya homa zao kwisha. Ikadhihirika kwamba wengi, hususan waliopita umri wa ujana, walikuwa bado na viungo vilivyovimba na kukakamaa asubuhi, mwaka mmoja na zaidi baadaye. Katika utando wa kiungo cha mgonjwa mmoja masalia ya kirusi yalikutwa miezi 18 baada ya homa, ilhali katika damu yake hapakuwa na kirusi kilichoonekana. Watu wa Newala walikuwa wameonja hayo nusu karne kabla, wakayaita kama sisi sote tunavyoyaita, baridi yabisi au uzee, wakaishi nayo.

Sasa tuulize jinsi jambo hili linavyotukia, na hapa nitaomba mfano mmoja kutoka historia ya Usukuma yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wezi wa ng'ombe walipozidi na polisi wakawa mbali, wanavijiji wa Shinyanga na Tabora, na punde si punde wa Mwanza, waliunda sungusungu, jeshi la raia wenye pinde, mishale na firimbi. Firimbi ikipigwa katika kijiji kimoja, kijiji cha pili huitikia, na cha tatu, hata mwizi akakosa pa kutokea. Na wizi ulipungua, hakuna anayekana. Lakini jeshi lililozoea kuitikia firimbi lilikuwa na taabu ya kujua wakati wa kurudi nyumbani. Mwizi ameshakimbia, ng'ombe wamerudishwa, na bado watu wanakamatwa, wanatozwa, wanachapwa viboko, na baadhi ya waliopatwa hawakuiba hata kuku. Kinga ya mwili hufanya kazi kwa firimbi hizo hizo. Chembe iliyoingiliwa na kirusi hutoa vijumbe vya protini, ambavyo wataalamu huviita saitokini, navyo huziamsha chembe za jirani, nazo huamsha nyingine. Na kwa watu wengi wito huo hunyamaza kirusi kinapokwisha. Kwa wachache hauwahi kunyamaza, ama kwa sababu masalia ya adui yamebaki katika pembe fulani, ama kwa sababu askari wamejifunza kuzifananisha chembe za mwenye nyumba na zile za mwizi, na mambo haya mawili yaweza kukutana katika mwili mmoja.

Haya yalikuwa yakijulikana kwa wachunguzi wachache. Ulimwengu mzima ulikuja kuyajua mwaka 2020. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo madaktari wa Uingereza walitoa hadhari juu ya watoto waliokuwa wakiletwa na homa kali, macho mekundu, vipele na mioyo iliyolegea, majuma machache baada ya kuambukizwa UVIKO-19 ambayo wengi wao hawakuihisi hata kidogo. Hali hiyo ilifanana na ile aliyoieleza daktari wa watoto wa Kijapani, Tomisaku Kawasaki, mwaka 1967, naye Kawasaki akafariki Juni 2020, katika majuma yale yale ambayo jina lake lilikuwa midomoni mwa madaktari wa kila bara. Kwanza ilidhaniwa kuwa ni balaa la watoto peke yao. Oktoba mwaka huo, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa kilitoa habari za watu wazima 27 waliopatwa na jambo lile lile. Na mapitio yaliyochapishwa mwaka 2021 yalikusanya wagonjwa 221, ambao umri wao wa katikati ulikuwa miaka 21, wengi wao wanaume, na saba katika kila mia walifariki.

Sifa zake ni hizi, na ninaziandika kwa utulivu ili zikumbukwe. Mtu mzima, aghalabu kijana mwenye siha njema, alipata mafua au homa, au hakupata kitu, kisha majuma manne hivi baadaye anapandwa na homa isiyoshuka kwa siku tatu au zaidi. Tumbo linamuuma, anatapika na kuharisha, hata daktari mwenye haraka anadhani ni homa ya matumbo au kidole tumbo. Macho yanakuwa mekundu pasipo tongo. Ngozi inatoka vipele. Mapafu, ambayo kila mtu ameyakodolea macho kwa sababu ya jina la UVIKO, yanaweza kuwa salama kabisa. Ni moyo unaolegea, ni shinikizo la damu linaloshuka, na pengine akili inayovurugika. Kipimo cha kirusi puani mara nyingi husema hakuna, na kipimo cha kingamwili katika damu husema ndiyo, alikuwapo. Vipimo vya mchochota, kama vile CRP na feritini, hupanda kupita kiasi.

Nataka kusimama kidogo kwenye hayo macho mekundu. Katika Usukuma macho mekundu yana historia ya kutisha, kwa maana bibi wazee waliopika maisha yao yote juu ya moshi wa kinyesi cha ng'ombe, macho yao yakaharibika kwa moshi huo, walishukiwa uchawi kwa alama hiyo, na wengi wakauawa kwa mapanga. Sisemi kwamba bibi hao walikuwa na sindromu ya mchochota. Hawakuwa nayo, walikuwa na moshi. Nasema tu kwamba watu wetu hawajakosa kuyaona macho mekundu. Waliyaona sana, wakayapa jibu kabla ya kuyauliza swali.

Na Mwanza je, katika miaka hiyo? Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, huko Arusha. Mwanzoni mwa Mei hesabu ya taifa iliacha kutangazwa, ikiwa imefikia wagonjwa 509, na ikabaki 509 kwa zaidi ya mwaka mmoja, wakati watu wakijifukiza kwa majani ya mwarobaini na mchaichai, na redio zikitangaza vifo vya watu waliopatwa na "changamoto ya upumuaji". Tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua chanjo kwa kuchanjwa yeye mwenyewe, na mambo yakachukua sura nyingine. Mengi yameandikwa juu ya siasa za jambo hili na mimi sina haja ya kuyarudia. Haja yangu ni moja, ndogo, ya kitabibu: sindromu inayofuata ugonjwa haitambuliki mahali ambapo ugonjwa wenyewe haukuandikwa. Daktari wa Marekani alipomwona kijana mwenye moyo uliolegea, alifungua daftari akakuta cheti cha mwezi uliopita. Daktari wa zahanati ya Igoma au Buswelu alipomwona kijana wa namna hiyo hiyo hakuwa na cheti cha kufungua, na kijana mwenyewe, akiulizwa kama alikuwa na korona, alikuwa na kila sababu ya kusema kwamba alipata mafua ya kawaida, akajifukiza, yakaisha. Kwa hiyo ikaandikwa malaria, au taifodi, au presha. Na dawa ya malaria haiupozi mchochota, wala haijapata kuutia moyo nguvu.

Wala isidhaniwe kwamba elimu ya jambo hili ni ngeni kwa hospitali za ziwa. Tanzania iliwapata wagonjwa wake wa kwanza wa UKIMWI mwaka 1983, watatu, mkoani Kagera. Na tangu mwaka 2004, dawa za kupunguza makali zilipoanza kutolewa bila malipo, matabibu wa hospitali ya Bugando, Mwanza, na wenzao waliona mgonjwa akianza dawa, kinga yake ikapata nguvu, na majuma machache baadaye akazidiwa kuliko alivyokuwa. Kifua kikuu kilichokuwa kimejificha kilizuka, tezi zikavimba, kichwa kikauma hata akashindwa kunyanyua shingo. Mitaani ilisemwa kwamba dawa zinaua. Ukweli ulikuwa kinyume: askari waliokuwa wamelala kwa njaa walikuwa wameamka, wakawakuta wezi wa zamani ndani ya nyumba, wakapigana nao kwa ghadhabu ambayo nyumba haikuweza kuistahimili. Jambo hilo lilichunguzwa kwa makini Uganda na Afrika Kusini, kwa wagonjwa 177 wenye homa ya uti wa mgongo iletwayo na kuvu aitwaye kriptokokasi, na matokeo yalitolewa mwaka 2014: katika walioanzishiwa dawa za virusi upesi, 45 kwa mia walikuwa wamefariki baada ya majuma 26, katika walioahirishiwa kwa majuma matano hivi huku kuvu akitibiwa kwanza, walikuwa 30 kwa mia. Dawa ni zile zile, wagonjwa ni wa namna moja, tofauti ni subira. Katika elimu yote ya tiba ya zama zetu sijakutana na hesabu iliyonitia heshima kuliko hii, kwa maana haikuhitaji kiwanda kipya wala fedha nyingi, ilihitaji mtu wa kuuliza maradhi yepi yalitangulia mengine.

Ninajua kwamba baadhi ya wasomaji wamekwisha kufikiri juu ya dawa, na afadhali niseme wazi. Mchochota uliopita kiasi hupozwa kwa dawa za jamii ya steroidi, mathalan prednisoloni na deksamethasoni, na katika hospitali kubwa kwa imunoglobulini ya kutia mshipani, ambayo bei yake ni ya kuuza ng'ombe. Steroidi ni rahisi, na kwa kuwa ni rahisi ni hatari. Huondoa maumivu kwa siku moja, hata mtu akaamini kwamba amepona; lakini huondoa maumivu kwa kuwafunga askari wote, wema na wabaya. Mtu mwenye kifua kikuu kilichojificha, akimeza vidonge hivyo kwa shauri la jirani, hukifungulia mlango. Upo pia mnyoo mdogo, strongiloidesi, unaoingia kwa nyayo katika ardhi yenye unyevu, nao waweza kukaa kimya tumboni kwa miaka mingi. Deksamethasoni humwondolea mnyoo huyo kizuizi, akazaliana hata kumuua mwenye mwili. Na kwa yule mwenye viungo vinavyouma baada ya chikungunya au o'nyong-nyong, ambaye moyo wake ni mzima na homa imekwisha, tiba iliyo salama mara nyingi ni ile isiyo na mvuto wowote: parasetamoli, kuvinyoosha viungo pole pole kila siku, na ruhusa ya kupumzika.

Ruhusa hiyo ya mwisho ndiyo ghali. Pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, ambako dagaa hushushwa kwa magunia alfajiri na kila mtu hulipwa kwa mzigo alioubeba, mtu aliyepona homa na bado hawezi kuinua gunia hana jina la kuieleza hali yake. Akisema mgonjwa, ataulizwa homa iko wapi. Akisema mzima, ataulizwa kwa nini habebi. Mke wake atamwonea huruma juma la kwanza, na juma la tatu ataanza kuhesabu sarafu kwa sauti. Wapo walioitwa wavivu mpaka wakaamini kwamba ni wavivu, na wapo waliokwenda kwa mganga kutafuta nani aliyewaroga, wakapewa jina la shangazi au la jirani, na uadui ukaanza ambao watoto wao wameurithi. Yote hayo kwa kukosa sentensi moja kutoka kinywani mwa mwenye koti jeupe: homa yako imekwisha, lakini kinga yako bado haijatulia, na hali hii inajulikana.

Msomaji wangu, unapokwenda zahanati, usingoje kuulizwa. Daktari atakuamkia, au utamwamkia wewe kama ni mkubwa kwako, naye ataandika yale ya leo, maana foleni ni ndefu na karatasi ni fupi. Mwambie na ya mwezi uliopita: kwamba ulikuwa na mafua ukajifukiza, kwamba nyumba nzima ilikohoa, kwamba ulipata homa ya siku tatu na vipele vikawasha, kwamba ulianza dawa fulani siku fulani. Mwambie hata kama unaliona ni jambo lililokwisha. Na kama wewe ndiwe mwenye kalamu, uliye upande wa pili wa meza, basi kabla hujaandika malaria kwa mtu mzima ambaye kipimo chake hakionyeshi malaria, na ambaye macho yake ni mekundu na mapigo ya moyo wake yanakwenda mbio, muulize swali moja zaidi: mwezi huu au uliopita, ulipata homa gani? Kisha liandike jibu lake, na tarehe yake, katika daftari atakalorudi nalo nyumbani.